Pampu Iliyozunguka Kavu

Mama mkwe alikubali kuuvaa mguu ule wa bandia kwa sababu moja tu: aliuamini mkono ulioutia gundi.

Tangu kisukari kimpeleke hospitali akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti, alikuwa amekataa miguu yote ya bandia aliyoletewa. Wa kwanza alisema unamchubua. Wa pili alisema unanuka duka. Wa tatu hakuutolea hata sababu, aliugeuzia mgongo akaendelea kufuma. Alikwisha kujizoeza maisha ya kitandani, ya kiti cha dirishani na magongo ya kwendea msalani, na yeyote aliyegusia habari za kutembea alijibiwa palepale, "Mimi nimetembea vya kutosha. Tembeeni na nyinyi."

Aliyemgeuza ni mke wa mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni, hivyo waliokaa pamoja hasa ni hao wawili, mkwe na mkwewe. Huyu mkwe alifanya kazi katika karakana ya miguu ya bandia iliyo nyuma ya hospitali, kwenye mashine ya kutia gundi. Huko walimwita Bi Tone, kwa vile haondoki kwenye kazi yake mpaka ajue tone la mwisho limekwenda wapi. Jioni moja alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe akamwambia, "Mama, huu unaokuja nitautia gundi mimi mwenyewe. Naapa hautakuangusha."

Mama mkwe alimkazia macho. "Unaapa?"

"Naapa."

"Haya. Usije ukanifanya kituko cha mtaa."

Akauvaa. Alianza kwa kushika ukuta, akaja kushika migongo ya viti, halafu akawa hashiki kitu. Haikuchukua muda akaanza kutoka nje, kila alasiri, hadi mwisho wa uchochoro alikokaa shoga yake wa tangu ujana, ghorofa ya juu, ngazi za saruji zisizo na pa kushika. Huko walikaa wakibishana kuhusu watu waliokwisha kufa, nani alimtaka nani na nani alimkataa, na mama mkwe alirudi nyumbani amechoka, kanga imekaa upande, uso umechangamka kama mtu aliyetoka safari ndefu. Bi Tone alimsikia akipanda kibaraza na moyo wake ukajaa. Alifanya kazi ile kwa mshahara, ndiyo, lakini alasiri kama hizo ndizo alizozifanyia kazi.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na vumbi jeupe la plasta lisiloisha hata ufagie vipi. Mguu wa bandia una bakuli la kuingizia kigutu, una bomba la alumini mahali pa mfupa, una unyayo wa raba. Bakuli na bomba hukutana ndani ya kikombe kidogo cha chuma, na hapo ndipo uzito wote wa mtu unapotua. Mahali hapo hapafungwi kwa skrubu. Hutiwa gundi.

Gundi yake ni nzito kama asali ya asubuhi ya baridi. Zamani waliisukuma kwa upepo wa kompresa, na upepo haukujua kupima. Gundi ikipoa ilitoka kwa kusuasua, ikipata joto la mchana ilimwagika, na Bi Tone alishinda akikisia kama mpishi asiyeonja. Ndipo zilipoletwa pampu za skrubu.

Pampu ya namna hiyo haijali gundi ni nzito au nyepesi. Ndani yake mna fimbo ya chuma iliyosokotwa, nayo imepita katika bomba nene la raba ambalo tumbo lake pia limesokotwa, ila kwa msokoto mpana zaidi. Chuma na raba hukumbatiana hapa, huachana pale, na pale vinapoachana hubaki vifuko. Fimbo ikizunguka, vifuko husogea mbele na gundi iliyomo. Kimoja kikifunguka mdomoni, kingine kimekwisha kujifunga nyuma. Mzunguko mmoja hutoa kiasi kilekile, nusu mzunguko nusu yake. Na ukiiamuru fimbo irudi nyuma kidogo, tone lililokuwa likining'inia linavutwa ndani.

"Nyoka aliyemeza mayai," alisema mwenzake siku ya kwanza walipoiona imefunguliwa. "Anayatapika moja moja, kwa heshima." Mwenzake huyo aliyeshirikiana naye mashine walimwita Kinanda, maana alikuwa haishi kuimba kwa pua akiwa kazini.

Pampu zilikuwa mbili. Moja ya gundi, nyingine ya dawa ya kuigandisha. Sehemu mbili za gundi kwa moja ya dawa, vyote vikakutana katika mdomo wa kuchanganyia, kijibomba cha plastiki chenye mapezi ya kujipinda ndani yake, kinachotupwa na kufungwa kipya kila kazi inapokwisha kwa sababu gundi hugandia humo. Bila dawa ya kutosha, gundi hubaki gundi tu, haiwi mfupa.

Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi waliuvua mdomo ule, wakaweka kikombe chini ya kila pampu, wakaizungusha na kupima kwenye mizani. Waliuvua kwa sababu iliyo wazi: vikisha kuchanganyika, utajuaje gundi ni kiasi gani na dawa ni kiasi gani? Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo walivyofanya, asubuhi kwa asubuhi, na vikombe havikuwahi kuwadanganya.

Siku moja ndoo ya dawa ilikwisha katikati ya kazi. Kinanda akaenda kuleta nyingine akiimba wimbo wake, na kabla hajaiunganisha, fimbo ya pampu ilikuwa imekwisha kuzunguka kavu, chuma kikisugua raba bila kitu cha kuilainisha. Ilitoka harufu, kama ya lori lililoshuka mlima kwa breki. Wakaunganisha ndoo mpya, wakatoa hewa, wakavua mdomo, wakapima. Vikombe vikasema sawa.

"Tumepona," Kinanda akasema.

"Tumepona," Bi Tone akaitikia, na wakaendelea. Mguu wa mama mkwe ulitiwa gundi siku chache baadaye.

Ulikuwa umekwisha kutembea mwezi mzima na zaidi pale fundi cherehani alipoingia karakana kwa magongo, plasta kidevuni, mguu wake wa bandia umo katika mfuko wa plastiki.

"Karibu," mkuu wa karakana alimwambia. "Umepatwa na nini?"

"Mguu mmoja ninao, bosi. Mwingine umenikimbia. Nilikuwa natoka mlangoni kwangu, mimi nikaenda mbele, wenyewe ukabaki."

Bosi alichukua mfuko akautoa mguu. Bomba lilikuwa limelegea ndani ya kikombe chake, linacheza kama jino la mtoto. "Hukuuloanisha?"

"Mimi nashona nguo, bosi. Sifui."

Kinanda alicheka. Bi Tone hakucheka. Alikuwa anautazama ukingo wa gundi, na ukingo ulikuwa mzuri, mgumu, unang'aa, kazi ambayo angeisifia mwenyewe. Walikifunga kikombe kwenye jiliwa wakakipasua kwa msumeno. Ukingoni gundi ilikuwa jiwe. Ndani, mahali ambapo jicho halifiki, ilikuwa laini kama nta iliyosahauliwa juani. Bi Tone aliibonyeza kwa kucha, kucha ikazama.

Kichwani mwake hakuona karakana. Aliziona zile ngazi za saruji za mwisho wa uchochoro.

"Labda ni huu mmoja," Bosi alisema. Alikuwa mtu mwema, aliyeianzisha karakana kwa kuombaomba vyuma na meza zilizotupwa na hospitali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba tena. "Pimeni."

Wakavua mdomo, wakapima. Gundi sawa. Dawa sawa. Wakarudia, sawa tena. Kinanda alikuwa ameacha kuimba.

Bi Tone alisimama ameshika ule mdomo mtupu wa plastiki, anaugeuzageuza. Alijaribu kuupuliza. Upepo ulipita kwa shida, mashavu yakamjaa.

"Kinanda," alisema taratibu. "Sisi tunaipima ikiwa imepumzika."

"Nini?"

"Pampu. Mgonjwa tunampima moyo akiwa amelala, moyo mzuri. Halafu anaanguka akipanda mlima, tunashangaa. Mdomo ukivuliwa, dawa inatokea peupe tu, hakuna kinachoizuia. Tukiurudisha, inabidi isukume."

Kinanda alimtazama, akautazama mdomo, akaenda kutafuta vyuma. Walitengeneza vikofia viwili vya chuma vyenye tundu jembamba, wakafunga kimoja kwa kila pampu, ili kila moja ihisi ugumu uleule unaohisiwa mdomo ukiwepo. Wakapima. Kikombe cha gundi kilisema sawa. Kikombe cha dawa kilipungua, na kadiri walivyoendelea kuzungusha kilizidi kupungua.

Waliifungua pampu ya dawa juu ya meza. Raba yake ilikuwa imeungua upande mmoja, inang'aa mahali isipopaswa kung'aa, imepasuka nyufa nyembamba kama za kisigino. Vifuko havikuwa vikijifunga tena. Dawa ikikuta njia ya mbele ni ngumu na ya nyuma ina upenyo, ilirudi nyuma. Mwanzoni mwa kila kazi, kabla kikombe cha mguu hakijajaa, ilirudi kidogo tu. Kwa hiyo gundi ya kwanza ilipata dawa yake kamili, na hiyo ndiyo iliyosukumwa hadi ukingoni ikaonekana nzuri. Ya mwisho, iliyokosa dawa, ilibaki ndani, chini ya uzito wa mtu.

"Ile siku ya ndoo," Kinanda alisema.

"Ile siku ya ndoo."

Bosi alikaa juu ya sanduku. "Miguu yote tangu siku ile?"

"Yote."

Kisha Bosi akasema, akitazama mikono yake, "Tukiwaambia mguu una hatari, kuna ambao hawatavaa tena maishani. Mnawajua. Mtu anapigana na nafsi yake hadi akubali kusimama mbele za watu. Sisi ndio tutakaomrudisha kitini. Tuwaite polepole. Tuseme ni ukaguzi wa kawaida. Tubadilishe, waende zao, asijue mtu."

Bi Tone alisikia maneno yale yakimwingia kama maji mtu akiwa na kiu. Ukaguzi wa kawaida. Angerudi nyumbani, akamwambia mama mkwe mguu unahitaji kuangaliwa, akauleta mwingine unaofanana nao, na kiapo chake kingebaki kizima. Mama asingejua. Angeendelea kwenda kwa shoga yake alasiri na kanga yake upande. Alifungua kinywa ili aseme ndiyo, hilo ni jambo la busara.

Fundi cherehani, ambaye wote walikuwa wamemsahau pale kwenye benchi, akakohoa.

"Samahanini. Mngeniita mimi kwa ukaguzi wa kawaida, ningekuja nikimaliza nguo za watu. Nina za harusi, nina za shule. Ningekuja mwezi ujao, labda. Na ningekuja kwa mguu huohuo." Akajigusa plasta ya kidevu. "Lakini mngeniambia mguu utavunjika, ningeuvua palepale nilipo, hata kama ni barabarani."

Bosi aliinuka, akaifuata simu mezani kwake, akaanza kupiga. "Halo, mama. Ni karakana. Keti kwanza. Umeketi? Sasa uvue mguu."

Bi Tone alipiga nyumbani. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena, ikaita hadi ikakata. Alivua aproni yake akatoka, na nje ya geti mwendo wa haraka ukageuka mbio.

Nyumbani simu ilikuwa juu ya kiti cha dirishani, kando ya kazi ya kufuma. Magongo yalikuwa yameegemea ukuta. Alitoka tena, akashika uchochoro, watu wakimpisha. Alipoinua macho mwisho wa uchochoro, alimwona mama mkwe katikati ya ngazi, anashuka. Mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika upindo wa nguo. Shoga yake alikuwa amesimama juu mlangoni, bado anamalizia ubishi wao. "Na mdogo wake naye hakuwa na akili, usinambie!"

"Mama," Bi Tone aliita. Hakupaza sauti, alihofia kumshtua. "Mama, simama hapo hapo."

Mama mkwe alisimama. Bi Tone akapanda ngazi mpaka akamfikia, akamshika kiunoni.

"Keti, mama."

"Niketi ngazini? Nimekuwa kuku?"

"Keti, mama yangu. Tafadhali."

Kitu katika sauti ile kilimketisha. Bi Tone alichutama ngazi moja chini yake, na akiwa bado anahema alimweleza yote. Ndoo, harufu ya raba, vikombe vilivyosema sawa, gundi laini ndani ya mguu wa fundi cherehani. Hakuficha kwamba alikuwepo, wala kwamba naye alisema tumepona. Wapita njia walipunguza mwendo.

"Na huu wangu?"

"Ni wa wakati uleule."

"Uliniapia."

"Nilikuapia."

Mama mkwe alivuta upindo wa nguo juu ya goti, pale mbele ya watu, yeye ambaye hata mwanawe hakuwahi kumwonyesha kigutu. Aliuvua mguu. Hakumpa mkwewe, aliulaza ngazini kama kitu alichokiokota. Bi Tone akageuka, akamwinamishia mgongo, akambeba. Alikuwa mwepesi kuliko Bi Tone alivyodhani, na wepesi ule ndio uliomuumiza hasa.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Watu walikuja karakana, wengine kwa magongo, wengine wamebebwa na ndugu zao. Mmoja alitukana tangu mlangoni hadi alipoketi, na Bosi alimsikiliza bila kujitetea. Bibi mmoja alilia, akasema asanteni kwa kuniambia, na hilo lilikuwa gumu kulipokea kuliko matusi. Wawili hawakutaka miguu mipya. Bosi alikuwa amesema kweli, kuna waliorudi kitini. Kinanda alienda kwao kila alipotoka kazini, akakaa nao, hata kama hawakumsemesha.

Raba mpya ikaja. Wakaifunga, wakaizungusha ikiwa na dawa tele, wakapima kwa vikofia, na tangu hapo hawakupima tena pampu iliyopumzika. Taratibu za ndoo nazo zikabadilika: mashine inazimwa kwanza, ndoo baadaye. Kisha wakaipasua miguu ya zamani, mmoja baada ya mwingine. Wa mama mkwe ulikuwa laini kuliko wa fundi cherehani. Bi Tone aliushika kipande kwa kipande mpaka Kinanda akamwondolea mkononi.

"Dada, inatosha. Umeshaona."

Mguu mpya wa mama mkwe aliuleta nyumbani mwenyewe, akausimamisha kando ya kabati. Mama mkwe hakuugeuzia macho. Alifuma, alikwenda msalani kwa magongo, alikula, alisema asante na lala salama. Shoga yake ndiye aliyekuja sasa, akipanda kibaraza kwa kulalamikia magoti yake, na ubishi ukaendelea chumbani, lakini ulikuwa umepoa. Bi Tone aliwasikia wakikubaliana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mchana wa siku ya mapumziko alikuwa anakunja nguo chumbani mle, mama mkwe akaweka ufumaji wake mapajani.

"Unadhani nimekasirikia gundi."

Bi Tone akaacha kukunja.

"Vitu huharibika, mwanangu. Mguu wangu wa nyama, niliozaliwa nao, uliharibika, sembuse wa kiwandani. Kilichoniuma ni kiapo. Uliapa kwa kitu kisichokuwa mkononi mwako, na mimi mtu mzima nikakilalia kama mto."

"Nilitaka utembee, mama."

"Najua ulichotaka." Akautazama mguu kando ya kabati. "Huu mmeupimaje?"

Bi Tone alikaa sakafuni akamweleza. Alichukua soksi mbili za mumewe akazisokotanisha kumwonyesha jinsi fimbo na raba zinavyokumbatiana na kuachana, na vifuko vinavyosogea. Alimweleza habari za vikofia na matundu yake membamba. Mama mkwe alisikiliza kama anavyosikiliza habari za watu, kwa kudadisi, akirudia asipoelewa.

"Kwa hiyo sasa mnaipima ikiwa inabeba mzigo."

"Kila asubuhi."

"Na ikiharibika mchana, baada ya kuipima?"

Bi Tone alitamani kusema haiwezi. "Inaweza," akasema.

"Huu hautaniangusha?"

"Sijui, mama. Najua ulivyokuwa siku nilipoutia gundi. Ulikuwa mzuri. Kesho nitapima tena, na kesho kutwa. Nikiona kibaya, nitakuja."

"Mbio?"

"Mbio."

"Mbele ya watu vilevile?"

"Popote nitakapokukuta."

Mama mkwe alitazama dirishani. Nje mtu alikuwa anaburuta mkokoteni, magurudumu yakilia. Aliufuata kwa macho mpaka ukapotea. Kisha akanyoosha mkono, na Bi Tone, ambaye hakuthubutu kuuliza ni nini anachotaka, alimpa mguu ule. Mama mkwe aliupima uzito kwa mikono yote miwili. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa gundi, akatia kucha, kucha haikuzama, na uso wake haukusema lolote juu ya hilo. Akavaa soksi ya kigutu bila haraka, akailainisha mikunjo. Akaingiza kigutu, akakaza mkanda, akaegemea kitanda, akasimama.

Alisimama kwa muda, anahema. Bi Tone alikuwa amenyoosha mikono mbele yake kama anayesubiri kudaka.

"Sogea basi," mama mkwe alisema. "Umenizibia njia."